Kiwambo cha sauti si mzigo wa kawaida: Mteja akikosea karatasi, gari ndilo linaloshikwa

Hatua ya Marekani kufuta kodi ya dola 200 iliyokuwa ikitozwa kwa kila kiwambo cha kuzuia sauti ya bunduki, iliyoanza kutumika 1 Januari 2026, inaweza kuonekana ni habari ya mbali kwa mfanyabiashara wa Namanga au Tunduma. Lakini kwa kampuni za uwindaji wa kitalii, mawakala wa forodha na wenye magari wanaobeba mizigo ya wageni hao, ni habari inayogusa mifuko yao moja kwa moja.

Sababu ni rahisi. Marekani ni soko kubwa kuliko yote la wawindaji wa kitalii wanaokuja Afrika, na Tanzania hufungua msimu wake kila Julai. Kodi hiyo iliwekwa mwaka 1934, wakati dola 200 zilikuwa na thamani ya zaidi ya dola 4,000 za leo. Lengo lake lilikuwa kuwakatisha watu tamaa. Kiwango hakikupandishwa kwa miaka 90, hivyo mfumuko wa bei ukaila kodi hiyo taratibu, na sasa imeondolewa kabisa. Kilichobaki ni usajili, kwani sheria ya nchi hiyo bado inakihesabu kiwambo kuwa ni silaha yenye namba yake.

Bidhaa inaposhuka gharama, watumiaji huongezeka. Na mwindaji aliyezoea kutumia kiwambo nyumbani kwao atataka kuja nacho safarini.

Kinafanya nini hasa?

Sinema zimewafanya watu wengi waamini kuwa kiwambo huifanya bunduki iwe kimya. Si kweli. Bunduki ya kuwindia ya kawaida hutoa mshindo wa zaidi ya desibeli 160, wakati kiwango ambacho mshindo mmoja unaweza kuharibu masikio ni desibeli 140. Kiwambo kizuri hupunguza desibeli 20 hadi 30. Aidha, risasi ya kuwindia huenda kwa zaidi ya mita 800 kwa sekunde, ambayo ni zaidi ya mara mbili ya kasi ya sauti, na mlio wake hewani haupunguzwi na kifaa chochote. Faida ya kweli ni masikio ya mwindaji na ya msaka nyayo aliye karibu naye, pamoja na kupungua kwa kishindo begani.

Hata hivyo, askari wa wanyamapori wana sababu ya kukitazama kwa jicho kali. Katika hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, bunduki zenye viwambo zimehusishwa na ujangili wa faru. Mlio wa bunduki ndio unaomwambia askari wa doria aelekee wapi, na kifaa kinachoupunguza kinampa jangili nafasi ya kuondoka.

Bunduki nyepesi na hesabu yake

Mtindo wa sasa katika soko ni bunduki nyepesi, isiyofika kilo 3, yenye mtutu mwembamba. Kiwambo cha kawaida huongeza gramu 300 hadi 500, na uzito wote huo hukaa mdomoni mwa mtutu. Urefu huongezeka kwa sentimita 15 hadi 20. Bunduki iliyonunuliwa kwa sababu ya wepesi huanza kuelemea mbele, na kasha lililoitosha jana leo halilitoshi.

Kuna pia suala la hesi. Mitutu mingi ya Ulaya huchongwa hesi ya milimita 14 kwa 1, wakati ya Marekani hutumia vipimo vya inchi. Mtutu mwembamba hauna chuma kingi cha kuchonga, na fundi akiichonga hesi upande, risasi inaweza kugonga ukuta wa kiwambo. Mteja wa Tanzania kwa kawaida huja na bunduki mbili, nyepesi kwa ajili ya swala na nzito ya .375 au zaidi kwa ajili ya nyati na simba. Kiwambo cha bunduki ndogo kikifungwa kwenye bunduki kubwa ni hatari kwa aliyeishika na kwa walio pembeni yake.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni shabaha. Kiwambo kikifungwa au kikitolewa, risasi hutua mahali tofauti. Mteja aliyepima bunduki yake nyumbani ikiwa na kiwambo, kisha kiwambo kikazuiwa uwanja wa ndege, anaingia porini na bunduki isiyolenga kama alivyoizoea. Kwa utaratibu wa uwindaji wa kitalii, mnyama aliyejeruhiwa na kupotea huhesabiwa kuwa amewindwa, na ada yake hulipwa. Karatasi moja iliyokosekana forodhani inaweza kugeuka kuwa ugomvi wa maelfu ya dola kambini.

Karatasi mbili, si moja

Kosa kubwa linalofanyika ni kudhani kwamba kibali cha bunduki kinafunika kila kilichomo ndani ya kasha. Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu silaha za moto ya mwaka 2001, ambayo Kenya, Uganda na Tanzania ni wanachama wake, inakitaja kifaa cha kupunguza sauti miongoni mwa sehemu za silaha. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inakwenda mbali zaidi, kwani tafsiri yake ya neno silaha inajumuisha kifaa chochote kilichotengenezwa kupunguza mlio au mwako wa bunduki. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa kitalii mwaka 1977, lakini Nairobi bado ni njia ya wawindaji wanaokwenda Kilimanjaro na Arusha. Mgeni anayebadilisha ndege hapo akiwa na kiwambo kisichoombewa idhini, mbele ya sheria hiyo ana silaha isiyoombewa idhini.

Kwa upande wa Marekani, mambo nayo yamegawanyika. Tangu Machi 2020, bunduki za kawaida za kuwindia zinasimamiwa na Wizara ya Biashara zinapotoka nje ya nchi. Viwambo vilibaki kwenye orodha ya zana za kijeshi, chini ya Wizara ya Mambo ya Nje. Julai 2020 wizara hiyo ilifungua mlango wa kuviuza kwa wanunuzi binafsi wa nje, lakini kwa leseni yake. Kwa hiyo kasha moja lina vitu viwili vinavyotolewa ruhusa na ofisi mbili. Kufutwa kwa kodi hakukubadili chochote hapo, na mteja anaweza asilijue hilo.

Njia ya kusini ina mtego wa aina nyingine. Afrika Kusini haidai leseni ya kiwambo, na huuzwa madukani kama kifaa cha kawaida. Mwindaji anayepanda na gari lake kupitia Zambia hadi Tunduma hana karatasi yoyote ya kiwambo hicho, si kwa nia mbaya, bali kwa sababu kwao haikuhitajika. Mpakani, nia njema haigongwi muhuri.

Nani anabeba hasara?

Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, bidhaa zote za Sura ya 93, yaani silaha na risasi, ni za kuingizwa kwa masharti. Bunduki ya kuwindia huingia katika kifungu cha ushuru 9303, na sehemu zake katika 9305, vyote vikiwa ndani ya sura hiyo hiyo. Kuingiza bidhaa hizo kinyume cha masharti kunaweza kuleta kifungo kisichozidi miaka 5, au faini ya nusu ya thamani ya mzigo, au vyote viwili. Tamko la uongo linaweza kuleta kifungo kisichozidi miaka 3 au faini isiyozidi dola 10,000. Zaidi ya hayo, gari lililotumika kubeba bidhaa inayostahili kutaifishwa nalo linaweza kutaifishwa.

Hapo ndipo hesabu inapoelemea upande mmoja. Thamani ya kiwambo chenyewe ni ya mamia ya dola, mara chache hufika elfu na kidogo. Msafirishaji analipwa nauli ya kasha moja. Anachoweka rehani ni gari zima, jina lake kwa maofisa wa mpaka, na siku za kazi ambazo hakuna atakayezifidia. Wakala aliyeandika "vifaa vya michezo" kwenye tamko kwa sababu mteja alimwambia hivyo, ndiye aliyetia sahihi. Mteja atapanda ndege kurudi kwao, wakala atabaki.

Kinga yake haina gharama kubwa. Kampuni ya uwindaji inaweza kumuuliza mteja swali moja kabla ya kupokea malipo ya awali: je, bunduki yako ina kiwambo? Jibu likiwa ndiyo, kitajwe kwa jina, kipimo na namba katika maombi ya kibali yanayopelekwa polisi chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na jibu lipatikane kwa maandishi kabla ya tiketi kununuliwa. Kisichotajwa kwenye kibali kihesabiwe kuwa hakina kibali. Pasipo na jibu la maandishi, ushauri wa busara kwa mteja ni kukiacha nyumbani, kupima bunduki yake bila kiwambo na kuja na vizibo vya masikio.

Kwa msafirishaji, kanuni ni kutopokea kasha lililofungwa la mwindaji bila nakala ya kibali inayolingana na kilichomo ndani, kitu kwa kitu, namba kwa namba, mbele ya mwenye mzigo. Ukaguzi huo huchukua muda mfupi, wakati kesi ya forodha huweza kula msimu mzima.

Wateja wenye viwambo watakuja kwa wingi kuliko miaka iliyopita, na kampuni itakayokuwa na utaratibu ulio wazi itawapata kwa sababu haitawaaibisha uwanja wa ndege. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika biashara hii, hata gari huweza kupotea.