Kilima cha Wenzetu na Milima Yetu

Wapo wenzetu wasemao kwamba sanaa ni anasa: taifa changa lijenge kwanza barabara na visima, nyimbo na vinyago vitafuata. Barabara na visima ni haki ya wananchi; hatuna ubishi juu ya hilo. Lakini kwamba sanaa ni ya kungojea utajiri, hilo tunalikataa, na hoja yetu tuliiokota ugenini.

Tulipokuwa Paris, nchini Ufaransa, tulishinda siku nzima katika mtaa wa Montmartre, ulio juu ya kilima chenye kimo cha mita 130 hivi. Asubuhi tulipanda ngazi nyingi. Mchana tuliwatazama wachoraji wakiwachora wapita njia. Jioni tulisimama mahali paitwapo Bateau-Lavoir, alipohamia Pablo Picasso mwaka 1904. Palikuwa na jengo bovu la mbao, makazi ya mafukara, ambalo liliungua mwaka 1970 na kujengwa upya. Wasanii walikikimbilia kilima kile kwa kuwa kodi ya vyumba ilikuwa nafuu. Basi sanaa ndiyo iliyotangulia, utajiri ukaifuata.

Lililotuchoma zaidi ni hili. Humo ndimo Picasso alimochora, mwaka 1907, picha ya wanawake watano ambayo nyuso mbili kati yao zafanana na vinyago vya Kiafrika, kama vile vilivyokuwa katika jumba la makumbusho la Trocadéro mjini humo. Jina la mwanafunzi lajulikana dunia nzima. Jina la mchongaji aliyemfunza halikuandikwa popote.

Je, sisi tunawatendea wetu vema zaidi? Hapa Kihonda twaitazama Milima ya Uluguru kila kukicha. Chini ya milima hiyo, mjini Morogoro, Salum Abdallah aliiongoza Cuban Marimba hadi kifo chake mwaka 1965. Hapo ndipo Mbaraka Mwinshehe alipolicharaza gitaa lake katika Morogoro Jazz, bendi iliyofika Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya mwaka 1970. Mwulize mwanafunzi wa kidato cha nne bendi hizo zilipiga katika ukumbi gani, naye atakutolea macho. Kule Montmartre, kibao ukutani humwambia mpita njia ni nani aliyeishi humo.

Watatujibu kwamba fedha hakuna. Kibao ni ubao na rangi! Na kabla ya kibao yatakiwa daftari tu. Ndugu mwalimu, watume vijana wako kwa wazee waliozicheza dansi zile, waandike majina, nyumba na miaka. Wazee hao wanapungua, na kila azikwaye huondoka na ukurasa usio na nakala. Tukizembea, wajukuu wetu watapanda vilima vya wenzao kwa nauli kubwa, wakitafuta kwa wageni kilichozaliwa kwao.