Rilei ya Feni ya Pikapu: Kidude Kidogo, Khasara Kubwa



Mwezi huu tutazungumza juu ya kidude kimoja kikaacho ndani ya gari, ambacho wengi wetu hatukijui hata kwa jina: rilei ya feni. Pikapu katika nyumba nyingi ndiyo mlango wa riziki. Asubuhi hupeleka bidhaa sokoni, jioni hurudi na maji na kuni. Ikiharibika injini yake, mwenye gari hapati khasara peke yake, bali na wote wanaokula kwake. Na injini huweza kuharibika kwa sababu ya kidude kisichozidi kibiriti kwa ukubwa.

Kazi ya rilei ni hii. Feni ya umeme iliyo nyuma ya rejeta hutaka umeme mwingi, mara nyingi ampea 20 na zaidi. Swichi ndogo na nyaya nyembamba haziwezi kuuchukua umeme huo. Basi umeme mdogo, usiofika hata ampea 1, huingia katika koili iliyo ndani ya rilei, na koili ikawa sumaku. Sumaku ile huvuta kibati, kibati kikaunganisha njia ya umeme mkubwa utokao katika betri, na feni ikazunguka. Umeme mdogo ni kama bawabu: hachukui mzigo, lakini asipofungua mlango mzigo haupiti.

Yafaa ijulikane kuwa si pikapu zote zenye rilei hii. Katika nyingi za kazi, khasa za dizeli, feni huzungushwa na injini yenyewe kwa mkanda. Nyingine zina feni mbili za umeme, na rilei zake huwa zaidi ya moja. Tazama kwanza gari lako ni la namna gani.

Dalili ya feni isiyozunguka ni hii: gari likiwa katika mwendo mzuri njiani, mshale wa joto hutulia, kwani upepo wa njia huipoza rejeta. Likisimama katika foleni, mshale hupanda. Ama ukiwa mshale hupanda hata katika mwendo, basi tafuta kwingine: maji yamepungua, au rejeta imeziba, au thamostati haifunguki.

Ukiona mshale unapanda, zima kipoza hewa, simama pembeni, kisha zima injini. Usifungue kamwe kifuniko cha rejeta ingali moto. Maji yaliyofungiwa humo hupita joto la digrii 100, na kifuniko kikilegea hurukia uso na mikono. Watoto wawekwe mbali.

Sasa tuje katika kupima, maana kubadilisha bila ya kupima ni kutupa fedha. Anza na fyuzi ya feni. Ikiwa imekatika, usiweke nyingine kubwa kuliko ile, bali tafuta sababu ya kukatika. Kisha, ikiwa ndani ya kisanduku iko rilei nyingine iliyo sawa kabisa kwa namba na miguu, kama ya honi, zibadilishane mahali. Feni ikizunguka na honi ikanyamaza, umekwisha kumpata mwenye kosa. Zingatia kuwa rilei ikitoa mlio wa "tik" si ushahidi kuwa ni nzima. Mlio ni wa sumaku tu. Huenda vibati vya ndani vimeungua na havipitishi umeme. Na ikiwa rilei ni nzima, fundi na aipe feni umeme moja kwa moja kutoka betri kwa waya wenye fyuzi. Isipozunguka, feni ndiyo mbovu. Ikizunguka, kosa limo katika nyaya au katika sensa ya joto.

Kubadilisha kwenyewe si kazi ngumu. Injini iwe imepoa na ufunguo umetolewa, kwani feni nyingine huzunguka hata gari likiwa limezimwa, nazo hukata vidole. Fungua waya wa hasi wa betri. Fungua kisanduku, aghlabu ramani yake imechorwa chini ya kifuniko. Ing'oe rilei kwa kuivuta juu wima. Ichukue mpaka dukani, upate iliyo sawa kwa volti, yaani 12 au 24, kwa ampea na kwa mpango wa miguu. Katika rilei nyingi miguu ya koili huandikwa 85 na 86, wa umeme wa betri 30, na uendao kwenye feni 87. Kabla ya kuichomeka mpya, tazama matundu yake. Yakiwa meusi au yameyeyuka, rilei mpya nayo itaungua, kwa kuwa matundu yamelegea au feni imechoka na inavuta umeme kupita kiasi. Ukimaliza, washa injini, ungoje mpaka uione feni inaanza, kisha inasimama yenyewe.

Wako wanaoiondoa rilei wakaunganisha kwa kipande cha waya. Jambo hili halifai. Feni huzunguka usiku kucha ikamaliza betri, na waya mwembamba hushika moto. Wako pia mafundi wanaobadilisha pampu, kisha thamostati, kisha rejeta, kila kimoja kwa fedha ya mwenye gari, na rilei hawajaigusa. Gari la mtu ni amana mikononi mwa fundi. Nanyi vijana mnaojifunza kazi hii, pimeni kwanza, ndipo mseme bei.

Bei ya rilei ni ndogo sana ukilinganisha na silinda hedi iliyopinda. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye pikapu na autazame mshale wa joto kila siku, wala asingoje mpaka auone moshi.