Mshipa, ngiri, busha au mtoki? Jina sahihi la kinena huokoa maisha

Katika zahanati za bonde la Kilombero, neno "mshipa" lina kazi nyingi kuliko jembe. Mwenye ngiri atasema ana mshipa. Mwenye busha atasema ana mshipa. Kijana aliyevimba mtoki baada ya kujikata mguu shambani naye atasema mshipa umemkaza. Mtoa huduma aliye mbele yao anajua mishipa ya damu na mishipa ya fahamu, na hakuna hata mmoja kati ya wagonjwa hao watatu aliyekuja kwa sababu ya mishipa hiyo.

Chukua mfano wa mzee wa miaka 60 anayelima mpunga nje ya Ifakara. Amefika zahanati asubuhi, na muuguzi ni binti wa umri wa mjukuu wake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu."

"Pole. Unasumbuliwa na nini?"

"Mshipa tu, mwanangu. Huku chini."

"Chini wapi babu? Tumboni?"

"Ee, hapohapo tumboni."

Muuguzi anaandika maumivu ya tumbo. Mzee anarudi nyumbani na dawa ya kutuliza maumivu, na uvimbe alioufunika kwa shuka unabaki ulipokuwa. Hakuna aliyesema uongo. Mzee aliona aibu kutaja mahali mbele ya binti, na binti aliona haya kumwuliza babu zaidi. Katikati ya heshima hizo mbili, ugonjwa umepita bila kuonekana.

Heshima si kitu cha kutupwa. Lakini Kiswahili kina maneno ya sehemu hizi ambayo si matusi, na mtu anaweza kuyatamka mbele ya mkwe wake asivunje adabu. Familia ikiyajua, heshima inabaki na ugonjwa unaonekana.

Ramani ya sehemu yenyewe

Kinena ni sehemu ya chini kabisa ya tumbo, chini ya kitovu na juu ya sehemu za siri, pale nywele za utu uzima zinapoota. Mkunjo ulio kila upande, unaotenganisha tumbo na paja, wengine huuita nena, na kwa wingi manena. Hospitalini neno kinena hutumika kwa eneo lote hilo, na ukilitaja utaeleweka.

Pembeni ya kinena ni nyonga, yaani kiungio kikubwa kinachounganisha paja na kiwiliwili. Mtu anayesema kiuno kinauma huku akishika nyonga anampeleka daktari kwenye mfupa mwingine. Chini ya kinena, kwa mwanamume, ziko korodani mbili ndani ya kifuko cha ngozi. Korodani ya kushoto kwa wengi huning'inia chini kidogo kuliko ya kulia, na hilo si ugonjwa. Kifuko kiko nje ya mwili kwa sababu mbegu za kiume hutengenezwa vizuri zaidi mahali penye ubaridi kidogo kuliko ndani ya tumbo.

Kati ya sehemu za siri na njia ya haja kubwa, kwa wanawake na wanaume, pana msamba. Wakunga hulitumia sana neno hili, kwa sababu msamba ndio unaoweza kuchanika mama anapojifungua. Mama anayeweza kusema "kidonda changu cha msamba kinatoa usaha" atasaidiwa haraka kuliko anayesema "huku chini si kuzuri".

Ngiri: mlango uliobaki wazi

Mtoto wa kiume akiwa tumboni mwa mama, korodani zake huanzia ndani ya tumbo lake, karibu na figo. Kabla ya kuzaliwa hushuka taratibu, zikapita kwenye njia nyembamba iliyo katika ukuta wa tumbo pale kinenani, hadi kwenye kifuko. Kwa kawaida njia hiyo hujifunga nyuma yake. Ikibaki wazi, au ukuta ukilegea baadaye kwa umri, kikohozi cha muda mrefu, kufunga choo au kunyanyua mizigo mizito, sehemu ya utumbo husukumwa nje na kutokeza chini ya ngozi. Hiyo ndiyo ngiri ya kinena.

Mabega yanayobeba magunia ya mpunga na kupakia miwa yanaijua kazi hiyo, ingawa ngiri humpata hata karani asiyebeba kitu. Inakadiriwa kuwa katika maisha yote, takriban mwanamume 1 kati ya 4 hupata ngiri ya kinena. Kwa hiyo si laana wala si dalili ya kurogwa.

Dalili yake ni uvimbe unaotokeza mtu akisimama, akikohoa au akinyanyua kitu, na mara nyingi hurudi ndani akilala chali. Wengi huishi nao miaka mingi. Hatari huja siku utumbo unapokwama nje na kubanwa: uvimbe unakuwa mgumu, unauma sana, haurudi, mgonjwa anatapika, tumbo linajaa na choo hakitoki. Utumbo uliobanwa hukosa damu na huanza kufa ndani ya saa chache. Hapo hakuna kusubiri gulio wala mavuno. Ni usafiri wa kwanza unaopatikana kwenda hospitali yenye chumba cha upasuaji.

Wanawake pia hupata ngiri. Ipo inayotokeza chini kidogo ya mkunjo wa kinena, juu ya paja, na huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Ni ndogo, husahaulika, na ndiyo hubanwa kwa urahisi zaidi. Mama mwenye kivimbe hapo asiambiwe kuwa ngiri ni ugonjwa wa wanaume.

Kwa watoto, ngiri ya kitovu na ngiri ya kinena zisichanganywe. Kitovu kinachotokeza kwa mtoto mchanga mara nyingi hujifunga chenyewe katika miaka ya mwanzo. Ngiri ya kinena ya mtoto haijifungi yenyewe. Kuifunga kwa sarafu na kitambaa hakusaidii. Inahitaji daktari wa upasuaji.

Busha: maji, si utumbo

Busha ni maji yanayojikusanya kuzunguka korodani. Kifuko huvimba polepole, kwa kawaida bila maumivu makali, na mtu akilala uvimbe haupungui kama ngiri. Kwa muda mrefu watu wa pwani wamelaumu madafu. Madafu hayana hatia. Katika Afrika Mashariki, sababu kubwa ya mabusha na matende ni minyoo midogo kama nyuzi inayosambazwa na mbu, ambayo huishi miaka kadhaa kwenye mirija ya limfu na kuiharibu. Si kila busha limetokana na minyoo hiyo, kwani jeraha au maambukizi mengine yanaweza kulileta pia.

Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa dunia wa kutokomeza matende na mabusha mwaka 2000. Nchini Tanzania, vidonge vya ivermectin na albendazole vimekuwa vikigawiwa kwa jamii nzima mara moja kwa mwaka katika maeneo yenye ugonjwa. Dawa hizo huzuia maambukizi mapya, lakini hazikaushi busha lililokwisha kuwa kubwa. Hilo huondolewa kwa upasuaji.

Kosa la kutisha kuliko yote ni kumwita mtu wa mtaani achome sindano "atoe maji". Kama uvimbe ni ngiri iliyoshuka hadi kwenye kifuko, sindano itatoboa utumbo. Kwa macho ya kawaida ngiri kubwa na busha hufanana, na ndiyo maana anayepaswa kuamua ni mhudumu aliyefunzwa.

Mtoki: mlinzi aliyeshtuka

Kwenye mkunjo wa kinena kuna tezi za limfu, ambazo husafisha maji ya mwili yanayotoka miguuni, matakoni na kwenye sehemu za siri. Kidonda kikiingia vijidudu, tezi huvimba na kuuma. Huo ndio mtoki. Mtu aliyepalilia mpunga peku akachomwa na kisiki ataona mtoki kwenye kinena cha mguu uleule. Ugonjwa uko mguuni, kinena kinatoa taarifa tu. Kukanda mtoki kwa maji ya moto huku kidonda cha kisigino kikiachwa ni kumfukuza mlinzi na kumwacha mwizi ndani.

Mtoki usio na kidonda mguuni nao una maana. Magonjwa ya ngono kama kaswende na pangusa huvimbisha tezi hizo. Hapo mke na mume hutibiwa wote wawili, vinginevyo mmoja atamrudishia mwenzake.

Ng'ambo ya mto, katika milima ya Mahenge wilayani Ulanga, kuna sababu nyingine inayojulikana na watafiti tangu zamani. Ni usubi, unaoenezwa na nzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi. Usubi unajulikana kwa kupofusha macho na kuwasha ngozi, lakini kwa mgonjwa wa muda mrefu tezi za kinena zinaweza kuvimba na ngozi ya hapo ikalegea na kuning'inia. Mtu wa namna hiyo anaweza kudhaniwa ana ngiri. Dawa yake, ivermectin, ni ileile inayogawiwa kwa matende, hivyo kaya inayokataa vidonge inajinyima kinga ya magonjwa mawili.

Mvulana akilia usiku

Wazazi wenye wavulana wakumbuke jambo moja. Korodani inaweza kujisokota kwenye kamba yake na kukata damu. Huanza ghafla, mara nyingi kwa vijana wanaobalehe, kwa maumivu makali ya upande mmoja, pengine na kutapika. Baadhi ya vijana husema tu tumbo linauma, kwa kuwa wanaona aibu. Muda wa kuiokoa korodani ni takriban saa 6. Kijana aliyefundishwa kusema "baba, korodani inauma" anaweza kufika hospitali kabla saa hizo hazijaisha. Aliyefundishwa kunyamaza atasema kesho yake.

Na mtoto mchanga akiogeshwa, mama au bibi aangalie kama korodani zote mbili zipo kwenye kifuko. Kama moja haijashuka hadi miezi 6, apelekwe kwa daktari.

Chandarua kinenani

Hofu ya kisu huwafanya wengi wafiche ngiri. Upasuaji wa ngiri ni wa kawaida, na hospitali ya rufaa ya Mtakatifu Francis iko papo hapo Ifakara. Mara nyingi daktari huimarisha ukuta wa tumbo kwa kipande cha wavu maalumu. Nyavu za viwandani ni ghali, na madaktari katika nchi kadhaa wamejaribu kitambaa cha chandarua kilichotakaswa kitaalamu. Utafiti uliofanyika mashariki mwa Uganda kwa wanaume 302, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2016, ulionyesha kuwa baada ya mwaka mmoja wavu huo wa bei nafuu ulifanya kazi sawa na wa viwandani.

Habari hiyo inafaa kusikika Ifakara, mji ambao utafiti wake wa malaria ulianzia kwenye maabara iliyofunguliwa na Mswisi Rudolf Geigy mwaka 1957, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, na ambako vyandarua vimechunguzwa kwa miaka mingi. Lakini chandarua cha kitandani kibaki kitandani. Kinachowekwa mwilini huandaliwa hospitalini.

Maneno ya kwenda nayo

Nyumbani, wazazi wawafundishe watoto kinena, korodani, uke, uume na msamba kama wanavyowafundisha goti na kiwiko, wakati wa kuoga, bila kucheka. Mtoto mwenye jina la kiungo anaweza pia kusema ni nani aliyekigusa.

Zahanatini, mgonjwa aseme mambo manne: mahali (kinena cha kulia, korodani ya kushoto, juu ya paja), muda ulioanza, kama uvimbe hurudi ndani akilala, na kama kuna kidonda mguuni au usaha. Kisha aombe kuangaliwa. Mzee akiona vigumu kuvua mbele ya binti, aseme tu, "Mwanangu, naomba mhudumu wa kiume, nina uvimbe kinenani." Hajavunja heshima ya mtu, na muuguzi sasa anajua aandike nini.

Naye mke anayeona mumewe anashika upande mmoja kila akikohoa asingoje aambiwe. Amwulize usiku, wawili peke yao: ni ngiri hiyo, au ni busha? Mara nyingi swali lenye jina ndilo linalomfanya mwanamume akubali kwenda.