Amana Ndani ya Kioo



Dada yetu mmoja wa Mji wa Kale ametuletea swali. Binti yake, kabla ya kuolewa na kwenda Maskati, alipanda bustani ndani ya tangi kubwa la kioo: makangaga, kuvumwani na mimea mingine ipendayo kivuli. Alimwachia mamake aitunze. Sasa familia yahamia Mtwapa, na tangi liko ghorofa ya tatu, penye ngazi nyembamba. Mama auliza: litashukaje salama?

Kwanza twamtuliza moyo. Bustani za namna hii zilipata sifa kwa sababu ya safari. Daktari Nathaniel Ward wa London aliona kangaga likichipua ndani ya chupa iliyofunikwa, na mwaka 1833 akapeleka mimea ndani ya masanduku ya kioo kwa meli hadi Sydney. Baada ya miezi kadhaa baharini ilifika hai. Unyevu uliotoka majanini uliganda kiooni ukawa matone, kisha ukarudi udongoni. Kioo nacho kikazuia upepo wa chumvi. Mimea, basi, yavumilia safari. Kisichovumilia ni kioo kilichosheheni.

Na tupige hesabu. Tangi lenye urefu wa sentimita 90 na upana wa sentimita 45, likiwa na udongo wa kina cha sentimita 15, limebeba lita 60 hivi. Udongo wa shamba ulioloa, pamoja na changarawe, ni mzito kuliko maji. Huo peke yake wapita kilo 60, na kioo bado. Wakilishika hamali wawili ngazini, likainama kidogo, udongo wote hukimbilia upande mmoja. Viungo vya gundi hufumuka, au kioo cha chini hupasuka, na anayeumia ni kijana wa watu aliyekuja kutafuta riziki.

Kwa hiyo ushauri wetu ni mmoja: tangi hilo lisihamishwe likiwa zima. Lifunguliwe.

Siku saba hadi kumi kabla ya kuhama, acheni kumwagilia, ili udongo upungue uzito bila kukauka kabisa. Siku yenyewe pigeni picha kila upande. Toeni mawe na magogo ya pambo kwanza, maana ndiyo yanayoponda mimea na kugonga kioo. Kisha chimbueni kila mche pamoja na donge la udongo linaloshika mizizi, muuzungushie gazeti lililoloweshwa, muupange wima ndani ya sanduku. Kuvumwani hubanduliwa kama mkeka, kikatiwa ndani ya chombo chenye kifuniko. Udongo utiwe ndooni, na changarawe na makaa ya chini yawe katika ndoo yake, ili visichanganyike.

Tangi likiisha kuwa tupu, libebwe kwa kushikwa chini, kamwe si kwa ukingo wa juu. Garini lilazwe juu ya ubao ulionyooka wenye kipande cha godoro, lifungwe blanketi, na lisiwekewe kitu juu. Tokeni mapema baada ya sala ya Alfajiri. Sanduku la mimea likiachwa ndani ya gari lililofungwa juani, hata kwa muda mfupi, mimea hupikika. Hamali nao walipwe haki yao kabla jasho halijakauka.

Mtwapa, chagueni mahali pa tangi kabla ya kulijaza: meza imara iliyosawazika, penye mwanga usio jua kali. Anzeni na changarawe na makaa, kisha udongo, kisha mimea kwa kufuata picha. Nyunyizeni maji kidogo tu. Kioo kikiwa na ukungu mchana kutwa, fungueni kifuniko kidogo. Kikiwa kikavu siku zote, ongezeni maji. Majani machache yatageuka manjano katika wiki za mwanzo. Yakateni, msitie mbolea, mngoje machipukizi.

Limebaki jambo ambalo dada yetu hakuliuliza, ila twalisoma katikati ya mistari yake. Aogopa kwamba akiifungua bustani, hatakuwa ameitunza kama alivyoachiwa. Dada, mwenye kuwekewa amana halaumiwi kwa kisichozuilika. Huulizwa juu ya uzembe. Kulibeba tangi zima ngazini kwa sababu tu hatutaki kugusa mpangilio wake, ndiko kuihatarisha. Hata hivyo amana ina mwenyewe, na mwenyewe yu hai, alhamdulillahi. Mpigie simu Maskati kabla ya kung'oa mche wa kwanza. Mweleze, umwombe idhini, na siku ya kupanda upya aelekeze yeye kwa picha ya simu: hili huku, lile kule.

Huenda bustani isifanane tena na ya awali. Yeye pia hakuihama nyumba yako akabaki vile vile. Naye aling'olewa na donge la udongo wa kwao, akapandwa pengine. Twamwomba Mwenyezi Mungu awajaalie nyote kushika mizizi mlipo.

Wabillahi tawfiq.