Sufuria Moja kwa Jamaa Nzima

Hapa Bunia kuku mmoja anaweza kushibisha jamaa nzima kama tunamupika katika sufuria moja pamoja na mboga na kalanga.

Katakata kuku, umutie chumvi, umukalange katika mafuta kidogo mpaka abadilike rangi. Ongeza kitunguu na tomati. Tia maji, funika, acha kwenye makala mpaka nyama ilainike. Kuku wa kijiji anaomba saa moja ao zaidi. Kisha vuruga vijiko 4 vya kalanga ya kusaga katika kikombe cha maji ya moto, mwanga ndani. Koroga pole pole, maana kalanga inashika chini upesi. Supu ikiwa nzito, tia lengalenga, dakika 10, basi. Mafuta ya kalanga yanasaidia mwili kupokea vitamini A ya majani. Kula na bugali.

Lakini sufuria hiyo iwe ya chakula tu. Katika machimbo, kuna wanaochoma dhahabu yenye zebaki katika vyombo vya jikoni. Moshi wake hauna harufu, lakini ni sumu: unaharibu ubongo, hata wa mtoto angali tumboni. Sumu inabaki katika chombo, na kuosha na sabuni hakutoshi. Baba, kijana, usichome nyumbani. Na wewe mama, sufuria ikisha kutumiwa hivyo, isirudi jikoni hata siku moja.

Mungu abariki meza yenu.