Msiba Sio Kiki, Mwacheni Alie

Kuna staa mmoja wa kike hapa mjini kafiwa na mama yake. Yule mama ndo alikuwa anambebea begi la nguo kwenye shoo za mwanzo mwanzo, enzi hizo hata DJ hajui jina la binti. Kazikwa Jumamosi. Jumanne dada wa watu kaposti picha nyeusi tupu, chini kaandika anaomba usiku kucha lakini hasikii kitu, kama vile Mungu kamkatia simu.

Basi! Watu wakashuka kwenye komenti. Mmoja anamwambia imani yake ndogo. Mwingine anasema aache kukufuru, Mungu kampenda mama zaidi. Wa tatu, na huyu ndo anaudhi kuliko wote, anasema ni kiki tu, kuna ngoma inakuja.

Jamani, hata tanga halijaanuliwa!

Wanaomrushia mistari ya Biblia wangesoma na ile mingine. Zaburi ya 88 inaanza na kilio na inaishia gizani, hakuna furaha pale mwisho, na hakuna aliyeifuta. Yesu mwenyewe alimlilia Lazaro, na alijua kabisa anaenda kumfufua. Kwa Waislamu nako, Nabii Yakubu alimlilia Yusufu mpaka macho yakaingia weupe. Huyo ni nabii. Nani atamwambia imani yake ndogo?

Halafu kuna Eliya. Alichoka mpaka akaomba afe, akajilaza chini ya mti jangwani. Malaika alipokuja hakumhubiria wala hakumuuliza imani yake imeenda wapi. Alimpa mkate na maji. Jamaa akala, akalala tena, akaamshwa tena ale. Baada ya hapo ndo akatembea siku 40 mpaka mlima Horebu (yani arobaini nzima, kwa hesabu za misiba ya kwetu). Kule ukapita upepo mkali, tetemeko na moto, na Mungu hakuwemo humo. Sauti ilikuja mwishoni, tena ya chini sana. Sasa sauti ya namna hiyo mtu ataisikiaje huku watu elfu mbili wanampigia kelele kwenye simu?

Mfiwa anaanza kupata tumaini kwa vitu vidogo. Shoga anayekuja na hotpoti la wali maharage bila kuulizwa. Jirani anayeosha masufuria. Binamu anayelala kwenye mkeka sebuleni wiki ya pili, wakati turubai limeshang'olewa, viti vimerudishwa na wale wa rambirambi za kupiga picha wameshasahau. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku 7 kimya, na hapo walikuwa wazuri tu. Walipofungua midomo kumpa maelezo ndo wakaharibu, na mwisho wa siku Mungu aliwakasirikia wao, sio yeye aliyekuwa analalamika.

Kuna msanii mwenzake mmoja hajakomenti chochote mpaka leo, na timu mitandao wanamsema ana roho mbaya. Wanaokaa mtaa ule wanasema gari lake limelala pale siku nne.

Wewe uliyewahi kufiwa, nani alibaki na wewe turubai lilipong'olewa?