Joto Lijifichalo Katika Mvuke

Mpishi mwenye haraka, aonapo chungu cha maharagwe kimeanza kutokota, huongeza kuni. Hudhani ya kuwa moto mkali utayaivisha upesi. Lakini maji yakiisha kuchemka katika chungu cha kawaida hayazidi tena kuwa moto, hata zikichomwa kuni za msitu mzima. Mombasa maji hayo husimama kwenye digrii 100 hivi. Nairobi, kwa kuwa mji uko juu na hewa yake ni nyepesi, husimama kwenye 95 hivi. Basi joto la kuni zile huenda wapi?

Swali hilo lilichunguzwa na Joseph Black, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskochi, katika miaka ya 1760. Aliona ya kuwa maji huchukua muda mfupi kufika kuchemka, lakini huchukua muda mrefu mara kadhaa kukauka yote, ijapokuwa moto ni ule ule. Akatambua kwamba joto halikupotea, bali limejificha katika mvuke. Kugeuza maji yachemkayo kuwa mvuke kwahitaji joto zaidi ya mara tano kuliko kuyachemsha maji hayo hayo tangu yakiwa baridi kama barafu.

Ndiyo sababu mvuke huunguza vibaya kuliko maji ya moto. Ugusapo ngozi hugeuka tena kuwa maji, na joto lote lililofichwa hutoka hapo. Yafaa watoto wawe mbali sufuria inapofunuliwa.

Jambo hilo hilo huonekana katika mtungi wa udongo. Maji machache hupenya nje na kukauka, na kwa kukauka huchukua joto la maji yaliyomo ndani, nayo yakawa baridi. Hali kadhalika, sanduku lenye kuta za makaa yaliyoloweshwa huhifadhi mboga, hasa katika nchi kavu. Pwani, penye unyevu mwingi, halifai sana.

Basi mwenye busara huloweka maharagwe usiku, hufunika chungu, na kikisha kutokota huondoa vijinga, akabakiza moto wa kutosha kukidumisha katika hali hiyo. Maharagwe yataiva kwa saa zile zile. Na mzigo wa kuni, ambao mtu aliubeba mgongoni kutoka mbali, hautapotea hewani pamoja na mvuke.